Mzigo Uliobaki Mgongoni

Mama mkubwa hufunga vinini vyake kwenye pindo la kitenge, pale ambapo wanawake wa rika lake hufunga pesa. Fundo likifunguliwa hutoka kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari la shule, bado kina hesabu za kutoa za mtoto wa watu, na ndani yake vidonge vya aina tatu: kikubwa cheupe, cha njano, na kingine kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Havina jina wala tarehe. Muuza dawa alimwambia ameze kimoja kimoja asubuhi na magaribi, akapokea franga zake, akamgeukia mteja mwingine.

Ana miaka 74. Alizaliwa Jomba, na kwa zaidi ya miaka 40 aliteremsha maharage na viazi hadi soko la Bunagana, pale Kongo inapopakana na Uganda. Ukimuuliza anaumwa nini, huhesabu kwa vidole. "Mugongo. Magoti, ya kushoto zaidi. Na ile ya usiku." Ile ya usiku haina jina. Ni moto unaoanzia nyayoni watu wakishalala, ukapanda hadi kwenye mashavu ya miguu, na hauondoki mpaka jogoo awike.

Kwenye kituo cha afya alikwenda mara mbili. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa parasetamoli, wakampa na jibu. "Banasema ni buzee," aliniambia, akicheka. "Kama vile buzee ni kitu nilikamata ku njia."

Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayolifanya lidumu. Gegedu za magoti huchakaa kweli, pingili za uti wa mgongo hupungua kimo, misuli ya mapaja hunywea. Lakini kuna wazee wa miaka 80 huko Jomba wanaopanda kilima na jembe begani, na kuna wa miaka 60 wasioweza kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono. Umri peke yake hauelezi tofauti hiyo. Wataalamu wa maumivu huhesabu kuwa ni sugu yale yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi mitatu, na tangu Januari 2022, orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani ilipoanza kutumika, maumivu sugu yana nafasi yake yenyewe katika orodha hiyo. Yaani yanaweza kuwa ugonjwa kamili, hata pale ambapo kidonda kilichoyaanzisha kilipona zamani. Neva zilizopeleka habari ileile kwa miaka hujifunza kuipeleka kwa sauti kubwa zaidi, hata mguso wa shuka ukawa kero. Nilipomweleza mama mkubwa habari ya miezi mitatu aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba safari ya Kisangani ni ya nusu saa.

Tatizo la "ni uzee" ni kwamba maneno hayo hufunga mlango kabla mtu hajatazama ndani. Watu wa pwani husema baridi yabisi, jina lililobaki kutoka kwenye tiba ya Waarabu iliyoupima mwili kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Yabisi ni kikavu. Goma husema rimatisme, kwa ulimi wa Wabelgiji. Wanaosema Kinyarwanda, ambao ndio wengi Bunagana, wana rubagimpande. Kila jina kati ya hayo ni gunia moja lenye nafaka za aina nyingi. Humo mna goti lililochakaa, ambalo ndilo la kawaida kabisa. Lakini humo pia mna kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho huanza kama maumivu ya mgongo tu, na kinatibika. Mna bruselosi, inayopatikana kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa kuzalisha ng'ombe kwa mikono mitupu, nayo huleta homa za kuja na kuondoka na maumivu ya viungo ambayo mfugaji yeyote angeyaita rimatisme. Mna pingili iliyovunjika polepole kwa mama ambaye mifupa yake imekuwa myepesi baada ya kukoma hedhi. Mna neva zilizoumizwa na kisukari, na zile zilizobaki zikiwaka baada ya mkanda wa jeshi kupona ngozini. Na kwa baba mwenye saratani ya tezi dume au mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, maumivu mapya ya mgongo yanaweza kuwa ni ugonjwa umefika kwenye mfupa.

Kwa hiyo muuguzi mwenye dakika tano angefanya vyema kuuliza maswali machache tu. Je, maumivu yanamwamsha usiku hata akiwa amelala kimya? Amekonda? Ana homa au jasho la usiku? Miguu imelegea, au mkojo unamtoka bila yeye kujua? Palipo na ndiyo, uzee uwekwe kando kwanza. Maswali hayo hayahitaji mashine wala umeme, na ndiyo maana inaniuma kuona hayaulizwi.

Tukiyatoa hayo yote, bado linabaki kundi kubwa la magoti na migongo iliyochoka kwa sababu ilitumika. Bunagana imekaa chini ya milima ya Sabinyo na Muhabura, kwenye ardhi ya volkano yenye rutuba kupita kiasi na tambarare haba. Kila kinachovunwa juu lazima kishuke, na kila kinachonunuliwa chini lazima kipande. Kwa wanaume kuna chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali iliyopewa hata sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko mmoja wa barabara huko Goma. Hubeba mamia ya kilo za viazi na makaa. Wanawake hawakujengewa sanamu. Wao hubeba kwa kichwa, kwa mgongo, na kwingine Kivu kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, mtoto akiwa kifuani. Mama mkubwa anakadiria kwamba mzigo wake wa kawaida ulikuwa nusu gunia, maana yake kilo 50, na njia ilikuwa ya mawe. Fanya hesabu ya safari mbili kwa juma kwa miaka 40. Nilipoifanya mbele yake aliniambia niache, kwa kuwa hesabu hiyo inamchosha zaidi kuliko ile safari.

Halafu kuna mizigo ambayo haikuwa ya soko. Waasi wa M23 waliiteka Bunagana mara ya kwanza Julai 2012, jeshi la serikali likaichukua tena mwishoni mwa Oktoba 2013, kisha M23 wakarudi tarehe 13 Juni 2022. Kila mara watu walivuka kuelekea Kisoro, upande wa Uganda, na wengi wakajikuta kwenye kambi ya mapokezi ya Nyakabande. Kijana akikimbia hubeba godoro. Mzee hubeba miguu yake mwenyewe, na hiyo ni kazi tosha. Wapo waliobaki nyumbani kwa kuwa hawakuweza kutembea, na wakafungiwa mlango na watoto wao wenyewe kwa machozi. Wapo waliofika upande wa pili wakalala juu ya turubai, kwenye baridi ya mwinuko ule, wiki nzima. Mgongo unaouma haukuumbwa kwa turubai. Zaidi ya hapo, mtu aliyezoea kulala sikio moja likiwa wazi halali, na asiyelala huumwa zaidi. Hili linajulikana vizuri katika utafiti wa maumivu, na ni duara ambalo kila upande wake husukuma mwingine. Hofu hukaza misuli ya shingo na kiuno. Msiba hufanya vivyo hivyo. Mama mkubwa alizika watoto wawili kati ya hizo tarehe nilizozitaja, na sijawahi kuona fomu ya kituo cha afya yenye mahali pa kuandika jambo hilo kando ya neno "mgongo".

Sasa turudi kwenye kikaratasi.

Nilivipeleka vile vidonge kwa rafiki yangu anayefanya kazi ya dawa, akavitambua kwa alama zilizochongwa juu yake. Kikubwa kilikuwa parasetamoli. Cha njano kilikuwa diklofenaki. Kile kidogo kilikuwa deksamethazoni. Mseto huu, au ndugu zake, huuzwa kwenye vibanda vingi vya dawa katika ukanda wetu kwa kila anayesema mgongo, na una sifa moja ambayo hakuna mshauri wa afya anayeweza kushindana nayo: unafanya kazi. Ndani ya siku mbili mama mkubwa alikuwa anachuma majani ya maharage. Ndani ya miezi miwili uso wake ulikuwa umejaa kama mwezi, na majirani wakamsifu kuwa Mungu amemkumbuka.

Ni ile deksamethazoni. Hupoza uvimbe wa kila aina, huleta hamu ya kula, huvimbisha uso, na Kinshasa kuna wanaoimeza kwa makusudi ili wanenepe. Ikitumiwa kwa miezi, hunyonya mifupa ambayo tayari ni mikavu, hupandisha sukari ya damu, huficha homa ya ugonjwa mwingine, na huufundisha mwili kuacha kutengeneza homoni yake wenyewe, hata mtu akiacha ghafla anaweza kuanguka na kufa. Asiyejua anachomeza hawezi kujua kwamba haruhusiwi kukiacha kwa siku moja. Vita vikifunga barabara na kibanda kikakosa mzigo, watu wa namna hii huachishwa dawa na risasi.

Diklofenaki ina kesi yake. Ni dawa nzuri kwa goti lililovimba, kwa siku chache, kwa mtu mwenye figo nzima. Kwa mzee mwenye presha, anayekunywa maji kidogo ili asiamke usiku kwenda chooni, ni jambo jingine: tumbo hutoboka na kuvuja damu bila dalili, presha hupanda, figo huchoka. Huko India na Pakistani diklofenaki iliwahi kupewa ng'ombe wenye maumivu. Ng'ombe wakifa, tai wakala mizoga, na tai wakafa kwa figo kushindwa, kwa mamilioni, hata aina fulani zikakaribia kutoweka. Sababu iligunduliwa mwaka 2004, na India ikaipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Binadamu anaivumilia kuliko tai, nakubali. Lakini mwanadamu anayeimeza kila siku kwa miaka mitatu pamoja na deksamethazoni, bila kinga ya tumbo, ameongeza hatari juu ya hatari. Na mseto huo ukitiwa tramadoli, dawa nyingine ya maumivu ambayo siku hizi haikosekani, mzee huona kizunguzungu, hufunga choo, huanguka. Nyonga iliyovunjika kwenye mji usio na daktari wa mifupa ni hukumu.

Sisemi haya ili kuwalaumu wauza dawa peke yao. Mtu anayefungua duka palipo na maumivu mengi na wauguzi wachache anajibu mahitaji. Parasetamoli, ambayo ndiyo salama kuliko zote, kwa bahati mbaya husaidia kidogo tu goti lililochakaa na mgongo. Anayeelezwa ukweli huo ataitafuta ile yenye nguvu. Kuna njia ya katikati inayosahaulika: diklofenaki ya kupaka. Kwa goti na vidole hupunguza maumivu vizuri, na inayoingia kwenye damu ni sehemu ndogo tu ya ile ya kumeza. Kwenye vibanda bomba hilo huuzwa ghali kuliko vidonge 30, na mteja anaona mafuta ya kujipaka ni urembo.

Kichekesho cha Bunagana ni kwamba ukivuka kizuizi tu unaingia nchi inayotajwa duniani kote kwa namna inavyotibu maumivu. Mwaka 1993 daktari Mwingereza, Anne Merriman, alianzisha Hospice Africa Uganda huko Kampala, akiwa na mbinu ambayo ukiisikia unadhani ni mzaha: unga wa mofini unachanganywa na maji na kihifadhi, unatiwa rangi ili nguvu zake zisichanganywe, unawekwa kwenye chupa, mgonjwa anakunywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi na matabibu wasaidizi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, kwa kuwa madaktari hawakutosha na kijijini hawakuwepo kabisa. Serikali huitoa bure. Hayo yalifanyika katika nchi isiyo tajiri, kwa bei ndogo, na ndiyo maana inanisumbua nikisikia kwamba Kongo haiwezi mpaka amani ije.

Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilipopiga hesabu mwaka 2017, ilikuta kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa kwa jumla zilipata tani 0.1. Tani 0.1 ni kilo 100. Sokoni Bunagana hilo ni gunia moja la maharage.

Hapa lakini pana mtego, na wanaharakati wa mofini, ambao nawaheshimu, hawausemi kwa sauti ya kutosha. Mofini ni ya mzee ambaye saratani imefika kwenye mifupa, na kumnyima ni ukatili. Kwa goti la mama mkubwa haifai. Mwongozo wa kwanza wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maumivu sugu ya mgongo, uliotolewa Desemba 2023, unashauri dawa za jamii hiyo zisitumike kwa mgongo wa kawaida. Unakataa pia mikanda ya kiunoni, ambayo wachuuzi wetu wanaiuza kama chapati. Marekani ilijifunza kwa gharama ya vifo vingi sana kinachotokea dawa hizo zikimwagwa kwa kila mgongo. Kwa hiyo Bunagana ina upungufu na ziada kwa wakati mmoja: dawa ya anayekufa kwa maumivu haipo, na dawa zisizomfaa anayeishi nayo zimejaa kibandani.

Kilichobaki, na ambacho mwongozo huo umekiweka mbele, hakiuzwi kwenye kikaratasi. Ni kuelezwa, kusogea, kukandwa, kulala, na kutoachwa peke yako. Najua yanavyosikika. Ukimwambia mwanamke aliyebeba nusu gunia miaka 40 kwamba anahitaji mazoezi, anayo haki ya kukufukuza. Lakini nguvu ya kubeba mzigo zamani si ile inayolilinda goti leo. Misuli ya mbele ya paja ndiyo nguzo, na mzee anayeumwa huacha kuitumia, ikanywea, goti likazidi kuyumba na kuuma. Kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono na kukaa tena polepole, mara kumi, mara mbili au tatu kwa siku, ni tiba ya aina iliyofanyiwa utafiti mwingi. Itauma kidogo mwanzoni. Mtu akiambiwa kwamba kuuma huko si kuharibika, huendelea. Asipoambiwa, huacha siku ya pili. Lile neno la kueleza ndilo nusu ya dawa.

Kukanda ni jambo ambalo nyanya zetu hawakuhitaji kufundishwa. Kitambaa cha maji moto, mafuta, kiganja. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na kwamba habari za mguso zikipita kwa wingi huzisukuma pembeni habari za maumivu. Baadhi ya maelezo yao yamesahihishwa tangu hapo, ila wazo la lango limebaki. Mtoto akijigonga mama yake humsugua, naye hunyamaza. Hata pilipili ina hati yake: mwongozo ule wa 2023 umeitaja pilipili ya kupaka miongoni mwa vinavyoweza kujaribiwa kwa mgongo, na David Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kugundua, kupitia ukali wa pilipili, mlango ambao neva huutumia kuhisi moto. Pilipili hiyo ya kupaka ni marhamu iliyopimwa, tafadhali. Jirani yetu mmoja alijisugua pilipili mbichi ya shambani mgongoni, na kwa siku mbili maumivu ya zamani aliyasahau kweli.

Kuna vitu vya seremala pia. Tundu la choo cha kuchuchumaa ndilo adui mkubwa wa goti la mzee kuliko kilima chochote, na ni aibu ambayo hawaisemi. Wengine hupunguza kula ili wasiende mara kwa mara. Kiti cha mbao chenye tundu katikati, kinachowekwa juu ya shimo, ni kazi ya nusu siku kwa fundi yeyote. Jiko likiinuliwa juu ya matofali hadi usawa wa kiuno, mgongo hauinami mara 50 kwa siku. Mpini wa jembe ukirefushwa, shamba linabaki lile lile lakini kiuno hakikunjwi. Maji yabebwe kwa vidumu vidogo vya lita tano badala ya kimoja cha 20. Huko Goma kituo kinachoitwa Shirika la Umoja kimewatengenezea waliokatwa miguu viungo vya bandia na kuwafundisha kutembea upya, na hospitali kubwa zina watu wa kinesi, yaani tiba ya viungo. Ujuzi wa kufundisha mwili upo Kivu. Umeelekezwa kwa waliojeruhiwa na vita, na ni haki yao, lakini goti la mzee halina risasi ndani yake, na kwa hiyo halina foleni.

Hapo ndipo naona kiini cha jambo. Kwa zaidi ya miaka 30 afya ya mashariki mwa Kongo imepangwa kwa dharura. Rejista huhesabu majeruhi, kipindupindu, surua, watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito. Wenye miaka 65 na zaidi ni kama watu 3 katika kila 100 wa nchi hii, na katika mpango wa dharura 3 ni namba ndogo. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zikafungwa na uwanja wa ndege ukafungwa. Wakati huohuo Marekani ilikuwa imesimamisha misaada yake. Nani angeuliza habari ya magoti? Lakini maumivu sugu hayangoji dharura iishe, kwa kuwa huku dharura haijawahi kuisha. Mzee aliyeanza kuumwa mwaka wa vita vya kwanza vya Kongo amezeeka ndani ya foleni.

Pesa nayo ni dawa ya maumivu, na sitanii. Mzee wa Kisoro mwenye miaka 80 anastahili shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi kutoka serikalini. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumpa kila mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, kiasi cha wakati ule, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Kenya ilianza mwaka 2018 kuwapa wa miaka 70 na kuendelea shilingi 2,000 za kwao. Hizo ni fedha kidogo mno. Lakini ndizo zinazoweza kumlipa kijana abebe gunia, na gunia lisilobebwa na mzee ni maumivu yasiyokuwepo. Upande wa Bunagana mkulima wa Kongo hana pensheni yoyote, kwa hiyo anabeba mpaka siku anayoshindwa. Vijana ambao zamani wangebeba wako Goma, Kampala, au kwenye vikundi vyenye bunduki. Wanaobaki na bibi ni wajukuu wa miaka tisa na kumi, na ninapoona mtoto wa umri huo akipanda na kidumu cha lita 20 kwa mkanda kichwani, najua mgongo unaofuata unatoka wapi.

Mama mkubwa tulimvusha Kisoro mwezi mmoja baada ya vile vidonge kutambuliwa. Muuguzi wa huko alimchoma kidole, akakuta sukari iko juu. Ilianza lini hatutajua, ila kile kidonge kidogo hakikuwa rafiki yake. Walipanga kukipunguza polepole, robo kwa robo kwa wiki nyingi, naye aliwachukia wiki zote hizo, kwa kuwa maumivu yalirudi kabla ya nafuu kuja. Diklofenaki ya kumeza iliachwa. Ya kupaka ilinunuliwa. Ile ya usiku ilipata jina, neva za miguu, na dawa ndogo ya kulalia ambayo walionya isizidishwe kwa mtu wa umri wake asije akaanguka. Sasa huamka mara moja usiku, wakati mwingine mara mbili. Haijaisha, wala hakuna aliyemwahidi kuwa itaisha. Alishukuru zaidi kwa jina kuliko kwa dawa.

Fimbo ndiyo imetugombanisha. Goti lake baya ni la kushoto, kwa hiyo fimbo inapaswa kushikwa mkono wa kulia: mguu mbaya na fimbo husonga pamoja, na uzito hugawanyika. Yeye aliishika kushoto, upande wa maumivu, kama wazee wengi wanavyofanya. Nilimwonyesha uani, akajaribu, akakiri kwamba ni nyepesi zaidi. Tukashuka naye sokoni, mimi nyuma kidogo, na hatukupita nyumba ya pili kabla mama mmoja hajatokea kwenye uzio. Mama mkubwa akahamisha fimbo upesi mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia, wakasalimiana, wakaulizana habari za wote. Alipomaliza akairudisha. Kisha akaja mwingine. Ilikuwa siku ya soko, na Bunagana nzima inamfahamu.

"Mama mukubwa, fimbo," nikasema.

"Mwanangu," akajibu bila kugeuka, "utanisalimishia batu kwa mukono wa kushoto?"